Mafuta ya Karafuu Niliyoyamwaga

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka chumbani mwako, hapa Chaani, ingawa barua hii haina pa kuipeleka.

Wakumbuka Rukia, mdogo wangu, alipoota utando mweupe kinywani? Ulimi wote ulikuwa kama umepakwa tui zito, hata uji ulimchoma. Nilikuwa ndio kwanza nimeanza kazi ya maabara. Nikamletea dawa ya fangasi. Mara ya kwanza ilimsaidia, mara ya pili kidogo, mara ya tatu haikufanya kitu. Nikasema tungoje dawa nyingine.

Wewe hukungoja. Ulitia tone la mafuta ya karafuu katika kijiko cha mafuta ya nazi, ukamketisha barazani, ukaanza kumpaka kwa pamba. Nikakukuta hivyo nilipotoka kazini. Mbele ya majirani waliokuja kumtazama mgonjwa, nilikupokonya kichupa nikakimwaga uani.

"Mama, huu ni ujinga," nilikwambia. "Utamuua."

Uliinuka na kijiko chako, ukaingia ndani.

Dawa mpya ilipopatikana Rukia alipona, nami nikajiona nimeshinda. Tangu hapo hukunishauri tena jambo la ugonjwa. Hata kifua kilipoanza kukubana, ulimkataza Rukia asiniambie. Nilikuja kujua ulipokuwa huwezi tena kuinuka kitandani, na siku zako zilikuwa zimekwisha.

Mwezi uliopita tulipanda kwenye kisahani cha maabara fangasi wa mgonjwa ambaye dawa zilimshinda. Mkubwa wangu wa kazi akataka tujaribu na mafuta ya mimea. Penye dawa fangasi walijaa tele. Penye kikaratasi nilichokichovya katika mafuta ya karafuu hapakuota kitu, palibaki duara tupu. Kisahani si kinywa cha mtu, mama, na sijui kama yangemfaa Rukia. Lakini wallahi, haukuwa ujinga. Nilitoka nje nikalia, na wenzangu wakadhani ni harufu imenichoma macho.

Jana nilimwomba Rukia anieleze dawa zako zote. Alijua mbili tu. Akaniambia kila alipokuuliza ulimjibu, "Hayo nitampa dadako, yeye ajua kuandika. Nangoja aniulize."

Sikuuliza, mama. Nakuomba radhi. Mola akulaze pema.

Mwanao wa kwanza