Ndama wa Fahali Aliyekufa

Kaka Kiprono,

Hamjambo nyote huko Molo? Huku Birmingham ukungu haujainuka tangu tuamke, na mimi sibanduki kwenye chai.

Jana jirani wa binti yangu hapa Hodge Hill, Mzee Gurmeet, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alinipeleka nje ya mji kuona ng'ombe wake weusi wa Kijapani. Walitugeukia wote kwa pamoja. Kaka, nyuso zao zilikuwa sura moja.

Alifungua mtungi wa mbegu za mafahali zilizogandishwa, moshi wa baridi ukatambaa hadi miguuni petu. Akainua mrija mwembamba wenye mbegu.

"Fahali huyu alikufa zamani," akasema. "Lakini bado anazaa."

Alitaka kumpandikizia mbegu hiyo mtamba aliyekuwa akitaka dume. Nikamuuliza baba wa mtamba ni nani.

"Ni huyu huyu. Na babu yake kwa mama pia. Nyama yao haina mfano, dada."

"Na ndama wa hivyo huwaje?"

Akanionyesha mmoja kizimbani, mnene, mzuri, mdomo wazi kama analia. Sauti haikutoka. Mama yake alikuwa amempa kisogo.

"Hajawahi kulia," mzee akanong'ona.

Nikamshika mkono. "Mzee, tafuta ukoo mwingine."

Akaushusha ule mrija ndani ya moshi, akainua wa fahali mwingine.

Nawe usimpandishe dume wako kwa binti zake, hata wakusifie nyama yake vipi. Na usiwakaripie watoto wakipiga kelele. Nazitamani kelele zao.

Dadako akupendaye,
Chebet