Wimbo Usioisha wa Kaka Mbwana

Kaka Mbwana mpenzi,

Huko uliko naamini hakuna gitaa, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho. Jumamosi tulikwenda tena kule kambini nje ya Sydney, bendi ikapiga bila wewe kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Njiani Otieno, akiwa amelipakata gitaa lake la besi, alisema, "Siz, hii ndio ya mwisho. Bila Mbwana sisi ni makelele tu." Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Unakumbuka mwaka wa kwanza? Tulialikwa tuchangamshe watu kwenye uwanja wa kuegesha magari, wanapochoma soseji nyuma ya magari yao na kulala kwenye mahema wakingoja tamasha kubwa. Nyimbo mbili, basi. Ulikuja moja kwa moja kutoka shifti ya lori bandarini Port Botany, macho mekundu, ukaanza kucharaza. Nami, kama ilivyo kawaida ya dansi letu, nikaanza kuwataja waliohudhuria. Nikamtaja Darren, mchoma soseji. Hapo nikajiponza. Darren akamwambia jirani, jirani akamwita mkewe, foleni ikafika vyooni, kila mtu anataka aimbwe. Wakadhani tumepandwa na mzuka wa muziki. Kumbe ni wewe tu. Ishara ya kukata wimbo ilikuwa yako peke yako, ile ya kuinamisha shingo ya gitaa, na kila nikikutazama unaninong'oneza, "Bado yule wa kofia. Utamtajaje mwenzake, yeye umwache?" Mpaka mbwa tukamtaja. Soseji za Darren zikawa makaa, mwenyewe anacheza tu.

Na ikawa hivyo kila mwaka. Wimbo wa pili, ule uliotunga mwenyewe, tuliufanyia mazoezi kwangu Toongabbie hadi jirani akahama, lakini mbele ya watu hatukuwahi kuufikia.

Basi Jumamosi nikawataja wote, kisha nikagundua hakuna wa kukata. Pascal kwenye ngoma ananitazama mimi, mimi namtazama Otieno, Otieno anatazama kiti chako, maana tulikibeba kwa mazoea. "Dada, wimbo hii inaisha wapi?" Pascal akauliza, jasho linamtiririka. Nikamtaja mbwa mara ya pili. Nikalitaja jiko. Niliogopa, kaka. Niliona tukinyamaza tu, ndiyo tumekuzika kweli.

Ndipo Darren akapaza sauti kutoka kwenye moshi wake, mbona yule bwana wa gitaa hujamtaja? Kweli, miaka yote hiyo sijawahi kukutaja, maana wanaotajwa ni wageni, na wewe ni wa nyumbani. Nikakuimba kwa jina lako, la baba na la babu. Pascal akakata. Otieno akakata. Hakuna aliyetoa ishara. Nikalia pale pale, kipaza sauti mkononi.

Darren akauliza wimbo wa pili ni upi. Tukatazamana, tukaupiga, Otieno akibahatisha sehemu zako kwa besi. Watu wakaacha nyama zao wakaja kusikiliza. Hata Otieno, tukirudi, alikuwa anauimba, habari za kuvunja bendi hazitaji tena.

Kumbe ni mzuri hivyo, kaka. Na miaka yote ulitunyima kwa ajili ya mbwa.

Pumzika, Mungu akurehemu.

Mdogo wako uliyemzoesha kelele,
Mwanaidi