Bunduki ya Baba Yako

Choteau, Montana
Septemba

Mwanangu Darrell,

Natumaini u mzima huko Florida kusiko na theluji. Huku matufaha yameiva, na mbwa amezaa tena.

Baba yako ameshinda gerejini majira yote ya joto, akihangaika na ile bunduki ya kuwindia. Unakumbuka jioni za baridi mlipokuwa mkijaza risasi pamoja, wewe unasafisha maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, yeye anapima baruti kwenye mizani na kukukataza hata kupiga chafya? Nilikuwa nawasikia mkicheka, nami nipo jikoni. Mwaka huu amebadili baruti, akakaza skrubu, akachonga upya kitako cha mbao pale kinapogusa mtutu. Bado matundu yalitawanyika karatasi nzima ya shabaha.

"Mtutu umekwisha," akasema Jumapili.

"Hebu nipe," nikamwambia.

"Wewe? Mara ya mwisho kupiga, Darrell hajazaliwa!"

Nikalala chini, nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, nikapiga mara tatu. Kifuniko kimoja cha soda kingetosha kuyafunika matundu yote. Baba yako akayatazama, kisha akaitazama mikono yake inavyotetemeka. Mimi nilishaiona tangu Pasaka, nikanyamaza.

"Kumbe niliitengeneza vizuri, eh, Arlene?" akasema.

"Vizuri sana, Lyle."

Msimu wa kuwinda ukifunguliwa tutapanda mlimani wote wawili. Yeye ataniongoza kwenye njia za kulungu, mimi nitapiga. Ukipata ruhusa kazini, njoo. Ila mikono usimuulize.

Akupendaye,
Mama