Si Sukari Niliyokula

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanguka karakanani, geti nimelichomelea nusu. Msimamizi kanivua kofia ya kuchomelea — mpaka upone, kasema. Sukari ishirini na mbili! Na vidonge vya kisukari nameza miezi mitano, siruki hata siku. Nimebaki mifupa. Mama mkwe anamwambia mume wangu eti nakula peremende kwa siri. Kwa siri!

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki kuna daktari mpya, binti mdogo tu. Kasoma faili langu mara mbili. Kauliza nani alinipima nikaambiwa ni aina ya pili. Hakuna, nikamjibu, nilipewa vidonge tu. Kachukua damu, anatafuta kingamwili. Sindano za insulini nimeanza leo leo.

Ijumaa, 14 Machi
MAJIBU! Aina ya kwanza! Kanichorea nyuma ya bahasha: kinga ya mwili kazi yake kupigana na vijidudu. Yangu imekosea adui. Imevamia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, inazimaliza polepole. Kwa nini? Kuna kurithi, pengine na virusi — chanzo hasa bado wanatafuta. Nikauliza: na peremende? Kacheka. "Hata ungelala juu ya gunia la sukari, dada, siyo iliyoleta hii."
Nimelia njia nzima. Miezi mitano najishtaki bure!
Nyumbani nimemsomea mama mkwe bahasha yote. Kaigeuza huku na huku kama anatafuta peremende. Mume wangu kakimbilia jikoni kucheka — nimemsikia.

Jumamosi, 22 Machi
Sukari saba nukta moja!!

Jumatatu, 31 Machi
Nimerudi kazini. Msimamizi: anza na vidogo vidogo. Mimi: lete geti. Saa tisa limesimama, bawaba haziguni. Mafundi wamenigongea nyundo kwenye vyuma, masikio bado yanavuma. Mwili wangu umenipiga vita, na bado nimechomelea!

Jumapili, 6 Aprili
Nimefua mapazia yote, nikachelewa kula. Sasa jasho, mwandiko unacheza. Tatu nukta moja — imeshuka mno. Mume hayupo. Nimemwita mama mkwe, nikamwambia maji ya sukari, haraka. Kakimbilia jikoni. Namsikia anakoroga. Huyu hapa, kanga begani, glasi mikono miwili. Vijiko vinne, anasema, weka kalamu, kunywa mwanangu, nisamehe, kunywa kwan—