Kitanda cha Salome Kinasimama Ukutani

Baba Salome,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Wewe nikuulizeje? Basi nakupa yetu: mimi mzima, Salome mzima, yule mbuzi mweupe amezaa pacha. Na mwanao hajachukuliwa. Hilo ndilo lililonikalisha chini na kalamu. Zamani ulikuwa unaniandikia hata jina langu. Siku hizi naenda kisomo, naandika mwenyewe, polepole lakini naandika.

Unakumbuka kitanda ulichomchimbia Salome tulipohamia huku kijijini, katika kile chumba cha vilindo, yale mapipa ya magome ya kuwekea mtama? Nguzo nne za panda, fito juu yake, ngozi ya ng'ombe. Nikakwambia, "Kifupi hicho." Ukasema, "Akikua nitaongeza." Mvua mbili hazikupita, tukakuzika. Sikulaumu. Nasema tu ilivyokuwa.

Sasa mtoto kanifikia kimo. Akilala, miguu inatoka nje mpaka magotini, asubuhi anaamka shingo imepinda. Mdogo wako Yona akaja kutoka Iguguno, akaona, akasema mbele ya majirani: "Shemeji, huyu si wa kukunjwa kama mkeka. Kwangu chumba kipo. Tukishavuna nakuja kumchukua." Alisema kwa wema, najua. Lakini mimi je? Umeshakwenda wewe. Akienda na Salome, mimi nipike uji wa nani?

Nikaenda kwa fundi Kitundu, anayetengeneza madawati ya shule yetu. Akanitajia vitanda mpaka kichwa kikauma. Akasema cha ghorofa, kama vya bweni la misheni, kinachukua nafasi ndogo. Nikamwambia, fundi, paa letu la udongo ukinyoosha mkono unashika boriti, huyo wa juu atalala au atakula vumbi? Akasema basi cha kusukumwa chini ya changu mchana. Hicho Salome mwenyewe alikikataa: "Mama, mimi si kuku wa kufunikwa tenga." Nikabaki na cha kawaida, kirefu.

Fundi akachukua ufito. "Mtoto alale chini nimpime."

Nikapiga kelele, watu wakatoka nje. Wewe ulipimwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikauona ufito unakatwa, unachukuliwa kwenda kwa wachimba kaburi. Mwanangu hapimwi kwa ufito! Nikalala mimi, pale pale kwenye maranda, watu wanapita na majembe yao. Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Mama Salome, kitanda cha nani hiki?" Nikamjibu nikiwa chini, "Pima. Halafu ongeza shubiri mbili."

Kumbe kwa hofu ya kumpima mtu, nilisahau kupima chumba.

Kilipoletwa kikaingizwa kwa ubavu, kikawekwa mbele ya kile chako. Mlango ukagoma, ukafunguka kiasi cha kupitisha paka. Vilindo havifikiki. Fundi akasema, "Ng'oa hizo nguzo za zamani." Nikasema siwezi. Na hata zikitoka, mtama utafikiwa wapi? Nikakaa juu ya kitanda kipya, hakuna hata pa kuweka mguu, nikalia. Mavuno yalikuwa yamekaribia, Yona anakuja.

Aliyeniokoa ni kuku. Alikuwa anapiga kelele bandani, katika lile banda lako la kifuniko. Nikainua kifuniko nimtoe, nikabaki nimesimama nacho mkononi. Bawaba zako, Baba Salome! Vile vipande vya tairi ulivyopigilia misumari. Miaka yote hii kinainuka, kinashuka, hakijakatika. Kuku akatoka, akaenda zake, mimi nikakibandua kifuniko, nikakimbia nacho kwa fundi.

Nguzo zako mbili za ukutani hazijaguswa. Ndizo zimebeba ubavu mmoja wa kitanda, umeshikwa na mpira wa tairi kama ulivyofanya wewe. Zile mbili za mbele nilizing'oa kwa mkono wangu, sikuruhusu mtu mwingine. Fundi akazichonga, sasa ni miguu yake, na yenyewe inakunjika. Asubuhi Salome anakiinua kitanda, anakifunga kwa kamba kwenye kigingi, chumbani panabaki peupe. Unaweza kutwanga humo.

Yona akaja kama alivyosema. Akaingia, akageuka huku na huku. "Shemeji, mbona hata kile kifupi hakipo? Mtoto analala wapi?" Salome akaenda ukutani. Akafungua kamba, akakishusha, akaenda kando na kukunja mikono kifuani kama mwalimu.

Yona akakibonyeza kwa goti. Akakaa. Akasema ngoja alale kidogo, kujaribu tu. Unamjua urefu wake, ni wewe mtupu, na miguu ikaenea! Tukaenda kusonga ugali. Tunarudi kumwita, mtu anakoroma. Salome akaninong'oneza, "Mama, tumkunje naye?" Nilijifunika uso kwa kanga. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu uondoke.

Alikula, akanawa, akashikashika zile nguzo za ukutani. Akasema, "Kumbe kaka bado yumo humu ndani." Akaenda barabarani kungoja lori. Peke yake.

Ulisema utaongeza akikua. Nimeongeza mimi. Nakuahidi hizo nguzo mbili hazitang'olewa nikiwa hai, na siku Salome atakapotoka katika chumba kile atatoka kwa hiari yake, si kwa kukosa pa kunyoosha miguu.

Kwaheri, mume wangu. Pumzika ulivyonyooka. Mwanao naye sasa ananyooka.

Ni mimi, Mama Salome, kwa mkono wangu.