Thumni Yangu Nimeichukua kwa Chuma

Baba Saumu,

Amani ikufikie huko uliko, wewe na majirani zako wapya. Eda yangu imekwisha wiki iliyopita. Nimeoga, nimevaa kanga aliyoniletea Saumu kutoka Moa, na jambo la kwanza nililolifanya ni kutafuta karatasi. Makaburini wanakwenda wanaume. Mie nina wino. Nakuandikia kwa khati zetu za Kiarabu za chuoni, maana ndizo ninazoziweza, na wewe ndiwe pekee uliyekuwa ukizisoma bila kunicheka.

Nataka kukupa habari za mashine yako ya kukerezea, kwa sababu najua ndizo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nakula. Kaka yako Mbaruku alitaka kuiuza. Si kwa ubaya, naomba usimkasirikie. Alikuja siku ya saba baada ya kukuzika, akakaa upenuni akiitazama, akasema mashine isiyo na mwanamume ni chuma tu, na kwamba kuna mwenye gereji kule Pongwe anaitaka, kwani tangu bei ya mkonge ishuke watu wanatengeneza vya zamani badala ya kununua vipya. Mirathi ingegawanywa nikitoka eda. Basi nikawa na miezi minne na siku kadhaa za kukaa na mashine yako na kujua kwamba itaondoka.

Unakumbuka siku ulipoileta? Mkokoteni ulikwama mlangoni na nusu ya Ngamiani ikatoka kutazama. Ulikuwa umeinunua kwa injinia wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Watu wakakucheka, mtu anashinda karakana ya reli na chuma, kisha jioni anarudi kwake kukaa na chuma kingine, tena bila ujira. Nami nilikucheka pamoja nao, nakiri. Ukanijibu, "Kule nakereza ya watu. Hapa naikereza nafsi yangu." Sikuelewa. Lakini kinu kidogo cha shaba ulichonikerezea cha kutwangia iliki nilikielewa vizuri, na bado nakitumia kila asubuhi.

Mashine ilikuja na vitu viwili vya kukamatia kazi: ile sahani ya chuma yenye matundu, ambayo kitu hufungwa juu yake kwa bolti, na kile kishikio kizito cha taya nne, cheusi kwa mafuta. Ulipostaafu, wenzako wa karakana wakakuzawadia kishikio kingine, cha taya tatu, kipya, kinang'aa hata mtu angeweza kupaka wanja akijitazama humo. Hicho ukizungusha ufunguo mara moja, taya zote tatu zinakwenda pamoja, zinakamata, kazi inaanza. Kile cha taya nne kila taya inakwenda kivyake. Unakaza hii, unalegeza ile, unazungusha kwa mkono kuona kama chuma kimekaa kati au kinayumba, unaanza tena. Na kila mara, nikiwa nimeinamia vitumbua, nitasikia, "Mama Saumu, njoo na chaki."

Nimekununia mara ngapi kwa ajili ya chaki ile? Cha taya tatu umekifunika kitambaa kama mwari, na mie unanitoa jikoni. Ukasema hicho ni cha mwenye haraka. Basi nasimama, nashika chaki bila kutikisika karibu na chuma, wewe unakizungusha polepole. Palipotokeza panajipaka. Unakaza taya ya pale penye alama, unalegeza ya upande wa pili, tunarudia mpaka chaki iguse pande zote sawasawa au isiguse popote. Mwanzoni alama uliiona mwenyewe. Kisha mtoto wa jicho akaanza, ukawa unauliza, "Wapi?" Nami nasema hapa, kidogo, zaidi, basi. Miaka ya mwisho hukuuliza tena. Ulikuwa unazungusha ufunguo tu, ukinisubiri niseme. Nami nilidhani nakusaidia kidogo kisha narudi kwenye kazi yangu.

Ulipokufa niliifunika mashine gunia. Sikuweza kuitazama. Nilikaa na nguo zangu za eda, wanawake wakija na kuondoka, na kila aliyesema pole nilimjibu nimeshapoa, na nilikuwa sijapoa.

Aliyenifunulia gunia ni Mwanamkasi wa nyumba ya tatu, yule anayeshona mabuibui. Shaabani ilikuwa inakwisha, ana nguo za sikukuu za watoto wa mtaa mzima, na gurudumu la juu la cherehani yake, lile linalopokea mkanda, tundu lake la kati limelika hata gurudumu linacheza. Fundi cherehani amemwambia gurudumu la aina ile halipatikani tena. Alikuja kunisalimu tu, masikini, nalo likiwa ndani ya kikapu. Alitoka kulionyesha kwa yule fundi akakata tamaa. Nikaliomba nilitazame. Sijui nini kilinipata, nikamwambia aniachie.

Sasa nitakukiri kosa langu. Nilichukua cha taya tatu. Nilikuwa peke yangu, nikaona hiki ndicho cha mtu aliye peke yake. Nikakaza, nikakanyaga ubao wa kuizungusha mashine, nikapekecha tundu kidogo, nikalitoa na kulitia kwenye kijiti nione. Likayumba. Ukingo wa gurudumu lile haukuwa duara kamili tangu kiwandani, nacho kishikio kilikamata ukingo, kikadhani kati ya ukingo ndiyo kati ya kila kitu. Nilikaa chini sakafuni, Baba Saumu. Nimeliharibu gurudumu la mtu anayelisha watoto watatu kwa mguu wake. Nilitamani kukuita hata ukinigombeza.

Kisha nikanyanyuka, nikakifungua kile kipya, nikafunga kile cheusi. Uzito wake nusura uniponde kidole. Chaki nikaifunga kwa uzi kwenye kipande cha ubao, isimame yenyewe, nikazungusha kwa mkono wa kushoto na kukaza kwa wa kulia. Sikufuata ukingo. Nilifuata ule mfereji unamopita mkanda, maana huo ndio cherehani inaoujua. Nilianza baada ya sala ya adhuhuri, na alasiri ikaadhiniwa chaki ingali inagusa upande mmoja. Nilikuwa nasema mwenyewe, hapa, kidogo, zaidi. Mara ya saba au ya nane nikasikia mdomo wangu umesema, "Basi." Na ilikuwa basi kweli. Nikapanua tundu mpaka lile kosa langu likamezwa lote, nikakereza bushi, kipete cha shaba cha kujazia tundu, kutoka kile kipande ulichokiacha kwenye bati la biskuti, nikaigonga ikaingia. Gurudumu likazunguka limetulia.

Nililia. Wanawake waliokuja jioni walidhani ni huzuni, wakanishika mabega. Haikuwa huzuni. Nilikuwa nakushukuru na wewe hupo, na shukrani isiyo na wa kuipokea inauma vibaya sana. Miaka yote ile ulikuwa unanifundisha, ukaacha nidhani nashikilia chaki tu.

Lazima nikuchekeshe kidogo. Mlio wa mashine ulivuka ukuta, na jirani yetu Bi Tatu akaenda kutangaza sokoni kwamba marehemu amerudi kazini. Watu wakataka kuleta kisomo cha dua. Alipoambiwa ni mie, akamuuliza mwalimu wa chuoni kama mafuta ya mashine ni manukato, kwa kuwa mwenye eda hajitii manukato. Mwalimu, Mungu ambariki kwa subira yake, akamwambia aje ayanuse mwenyewe.

Siku ya kugawana walikuja Mbaruku, Saumu na mumewe, mwalimu na karatasi yake, yule mtu wa Pongwe, na Mzee Semboja, mwenzako wa karakana, aliyeitwa kukadiria vyombo. Saumu alichukua nusu yake katika nyumba, na akasema mama yake haondoki humo. Kisha mwalimu akanisomea yangu, thumni, sehemu moja katika nane, akauliza kama naitaka kwa fedha. Nikasema naitaka kwa chuma. 

Mbaruku akaniuliza mashine nitaifanyia nini. Nikamwambia aende kwa Mwanamkasi akasikilize cherehani. Akadhani namfanyia mzaha. Lakini Semboja alinyanyuka akaenda, akakaa huko kitambo, akarudi. Akakadiria. Akatuambia thumni inatosha mashine na kishikio kimoja, si zaidi. Vingine viende kwa Mbaruku. Wakavitandaza vitatu juu ya mkeka, sahani, cha taya tatu, cha taya nne, wakaniambia nichague.  Bila kishikio kinachofaa ningebaki na pambo la uani, na wote walijua hivyo.

Mtu wa Pongwe alikitazama kile king'aacho, na nikaona hataki nikichukue. Mbaruku naye, kwa hisani, akakisogeza karibu nami. Nikaweka mkono juu ya kile cheusi. Mbaruku akacheka, akasema nimemchagua kikongwe. Semboja akaniuliza kwa nini.

"Kile cha taya tatu huamua chenyewe kati ni wapi," nikamwambia. "Hiki kinaniuliza mie."

Semboja hakucheka. Alimgeukia Mbaruku, na hapo ndipo nilipojua ulikuwa ukinisema karakanani, wewe mtu wa siri. Kumbe ulipokuwa ukipeleka kule vitu vyako kuwaonyesha, wakikusifu, ulikuwa ukiwaambia jicho si lako. Mie uliniambia mchuzi umezidi chumvi.

"Mashine hii ilikuwa na mafundi wawili," Semboja akasema. "Aliyekufa ni mmoja."

Mbaruku aliitazama mikono yangu, yenye mafuta kwenye kucha. Kisha akamwambia mwalimu aandike. Yule mtu wa Pongwe aliondoka na cha taya tatu, na ile sahani Mbaruku hakuiuza. Aliniachia, akasema ni ya kufunikia chungu, huku akitazama pembeni. Ana roho ya ndugu yake, ila yeye huificha zaidi.

Basi mashine iko palepale upenuni. Sasa huja watu wenye stovu zinazovuja, vifundo vya vitanda, baiskeli. Na kila anayekuja huniuliza nimejifunza kwa nani. Juzi alikuja mgeni kutoka Muheza. Nikamwambia nimefundishwa na mume wangu. Akauliza, mumeo nani?  Tuliolewa tukiambiwa mke hatii jina la mumewe kinywani. Kabla ya Saumu nilikuita kwa kukohoa, baada yake nikakuita baba yake, na miaka ishirini na saba ikapita hivyo. Nikamwita Mwanamkasi aje akutaje yeye. Alikutaja harakaharaka, kama anataja bei ya kitambaa, akarudi kwenye kushona kwake, na mgeni akaondoka. Iliniuma siku nzima. Mtu aliyenipa jicho hili atajwe na jirani.

Kwa hiyo nakuahidi. Kila atakayeuliza nitamtajia jina lako mie mwenyewe, kwa sauti, mpaka walijue wasiokujua. Najifunza kulitamka nikiwa nakanyaga mashine, mlio wake unanisitiri. Na leo naliandika kwa mara ya kwanza, unisamehe kama nimelikosea herufi.

Mungu akupe kauli thabiti na akupanulie mahali ulipolala. Ahsante kwa yote.

Kwaheri, Athumani.