Weusi Wanaotokea Kushoto

1 Machi

Mama, shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mgongo umetulia? Mimi mzima, ila jua limenibabua pua.

Hiki ni kisiwa cha tatu, kidogo hata naweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Kazi ni ile ile: nakaa kando ya kidimbwi na kumwandika kila kereng'ende anayetua. Wanene hutandaza mabawa, wembamba huyakunja mgongoni, hivyo ndivyo ninavyowatenganisha. Lakini mama, kuna wembamba weusi ambao hawamo katika kitabu chochote. Hutokea kushoto kwangu, nikigeuka wameshakwenda. Wavu unatoka mtupu kila mara. Nikimnasa hata mmoja, nitakuwa wa kwanza kumwandika. Jioni radi inamulika bila ngurumo, labda mvua iko njiani.

Mwanao

3 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo haujambo. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Kabla jicho langu la kushoto halijafa, nilikuwa na mbu jikoni. Nao walitokea pembeni. Niliwapiga kwa kitambaa wiki nzima, baba yako akinicheka, kumbe hapakuwa na mbu. Na radi yako hiyo niliiona pia, chumbani, madirisha yamefungwa. Miwani yako ni mizito kama yangu. Hili nalo umelirithi kwangu.

Ingia hemani, ufunge. Ziba jicho la kulia, utazame turubai. Ukiwaona humo, basi hawako kisiwani, wako ndani ya jicho lako. Panda mashua hii hii iliyokuletea barua, uende hospitali.

Mama yako

4 Machi

Mama, shikamoo. Mwenye mashua ananisubiri, naandika mbio mbio.

Nimefanya ulivyosema. Nimeona watatu juu ya turubai. Huenda waliingia pamoja nami. Usinikasirikie. Kidimbwi kinakauka, na nikiondoka leo sitakuta kitu nikirudi. Mashua itakuja tena tarehe saba, nitapanda hiyo. Isitoshe, jicho haliumi hata kidogo.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Langu pia halikuuma.

Salamu leo sina. Nimemwambia mwenye mashua akubebe na wavu wako, na asipokuja na wewe asirudi kabisa. Usingizi sipati. Nakuomba, Bi Wadudu wangu, nakuomba.

Mama yako

12 Machi

Mama, shikamoo. Hujambo? Barua hii anaiandika muuguzi, mimi nimepasuliwa jicho, nimelazwa kifudifudi na siruhusiwi kuinua kichwa.

Tarehe sita asubuhi kivuli kilianza kupanda kutoka chini ya jicho, kama maji yanavyojaa ndoo. Mashua haipo, mtu hayupo. Nilikaa ufukweni nikikuita, mama, kama mtoto.

Daktari anasema ningepanda mashua ya kwanza, jicho lingepona lote. Sasa limebaki na nusu ya juu, ya chini hairudi. Nikamwambia si neno, wadudu wangu huruka juu. Akacheka. Alipotoka nikalia, muuguzi akaweka kalamu chini mpaka niliponyamaza.

Njoo, mama. Ila habari ya ile mashua usiitaje.

Mwanao